TB ILIYOLALA NA RIZIKI YA KIJANA

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na familia zao baada ya swala ya Tarawehe, Kabati, na kuandikwa hapa kwa faida ya wasomaji wa jarida letu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Usiku huu sitawachosha. Nina jambo moja la afya, lakini ni jambo linalogusa riziki, kwa hivyo naomba masikio yenu. Kijana wa Kabati siku hizi akitaka kazi, mara nyingi anapimwa kwanza. Anayetaka kwenda Saudia, Qatar au Oman anapimwa. Muuguzi anayekwenda Uingereza anapimwa. Hata aliyebaki hapa hapa Kitui, akipata kazi ya hospitali, au nyumbani kwao akitokea mgonjwa wa kifua kikuu, naye ataitwa apimwe.

Sasa kuna jibu moja linalowatia watu baridi: "Umepatikana na vijidudu vya TB, lakini vimelala." Kijana akishasikia hilo neno TB, yale mengine yote hayasikii tena. Anatoka pale hospitalini kichwa chini. Anajiambia, kazi imekwenda. Karatasi anaikunja, anaitia mfukoni, na haonekani tena kliniki.

Ndugu msomaji, kama utasahau yote mengine, shika hili: jibu hilo ni onyo la mapema, na aliyeonywa mapema amefanyiwa ihsani. Kinachomwangusha mtu kazini ni ile TB iliyoachwa mpaka ikaamka.

NI KITU GANI HIKI KILICHOLALA?

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana kila tarehe 24 Machi dunia inaadhimisha siku ya TB. Kinasafiri hewani. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya au akiongea, vijidudu vinatoka, na mwenziwe aliye naye katika chumba kisichopitisha hewa anavivuta.

Akishavivuta, je, ameugua? Hapana, si lazima. Mara nyingi askari wa mwili wanavizingira na kuvifungia. Vinabaki hai, lakini havizaani na havifanyi fujo. Hiyo ndiyo TB iliyolala.

Mama zetu hapa wanaielewa hali hii kuliko madaktari. Usiku, baada ya kupika kwenye mafiga, unafanya nini? Unalifukia kaa kwenye jivu. Hakuna moshi, hakuna mwali, hata mtoto akipita pale haungui. Lakini kaa liko. Asubuhi ukiondoa jivu na kupuliza, moto unashika. Basi TB iliyolala ni kaa ndani ya jivu.

Na wenye kaa hili ni wengi kuliko unavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Kwa hivyo ukiambiwa unalo, usijione kama umechaguliwa wewe peke yako. Kati ya watu 100 walio nalo, ni kama 5 hadi 10 tu watakaougua TB katika maisha yao yote ikiwa hawatatibiwa. Hatari huwa kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo baada ya kuambukizwa. Tena huwa kubwa kwa mwenye virusi vya ukimwi, mwenye kisukari, asiyepata chakula cha kutosha, mvutaji wa sigara, anayefanya kazi kwenye vumbi la kuchonga na kuponda mawe, na mtoto aliye chini ya miaka 5. Hao ndio ambao upepo unalipuliza jivu lao.

MTU HUYU ANAAMBUKIZA?

Hebu tulijibu swali hili wazi, maana ndilo linalovunja urafiki na kuvunja ndoa. Mwenye TB iliyolala haambukizi mtu yeyote. Haina kikohozi, haina homa, haitoi jasho la usiku wala haimpunguzi mtu uzito. Anapumua kama wewe.

Kwa hivyo anaruhusiwa kula nasi sinia moja wakati wa kufuturu. Anasimama nasi kwenye safu bega kwa bega. Anamnyonyesha mtoto wake. Anafundisha darasani, anapika hotelini, anabeba abiria kwa boda boda, anamhudumia mgonjwa wodini. Na tukiwa hapo hapo niongeze: hata ile TB iliyoamka haiambukizwi kwa sahani, kikombe wala kupeana mikono. Njia yake ni hewa.

Sasa mtu akianza kukohoa, akitoka jasho usiku, akipungua mwili, akipata homa za jioni au akitema makohozi yenye damu, hapo hadithi ni nyingine. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje Idi ipite.

VIPIMO VINASEMA NINI, NA HAVISEMI NINI?

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni cha ngozi, kinaitwa Mantoux kwa jina la daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1908. Unadungwa dawa kidogo sana chini ya ngozi ya mkono, kisha unarudi baada ya saa 48 hadi 72. Mhudumu anapima uvimbe mgumu kwa milimita. Wekundu peke yake hauhesabiwi. Usiporudi kusomwa, umepoteza wakati wako bure. Cha pili ni cha damu, kinachukuliwa mara moja.

Hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawaelezwi. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na chanjo hiyo yaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionyeshe ndiyo hali hukuambukizwa. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Kwa hivyo ukiwa na mashaka na jibu la ngozi, una haki ya kuuliza kama cha damu kinapatikana.

Jambo jingine: vipimo vyote viwili vinajua kwamba vijidudu viliingia, lakini havijui kama vimelala au vimeamka. Ndiyo maana ukipatikana navyo utaulizwa dalili, utapigwa picha ya kifua, na pengine utaombwa makohozi. Usikasirike ukiambiwa hivyo. Hatua hiyo ndiyo itakayokupa neno la uhakika: kifua chako ni kizima.

La mwisho: ukishapatikana navyo, kipimo kinaweza kuendelea kusema ndiyo miaka mingi hata baada ya kumaliza dawa. Haina maana kwamba dawa haikufanya kazi. Kwa hiyo ukimaliza dawa usikubali kuishi kwa kupimwa na kuogopa. Hifadhi karatasi inayoonyesha jina la dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na jibu la picha yako. Karatasi hiyo ni mali, iweke pamoja na cheti chako cha shule.

NA KAZI JE?

Tuanze hapa nyumbani. Jibu la TB iliyolala si sababu ya kumsimamisha mtu kazi hata siku moja. Haambukizi, haumwi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu, na hali ya afya imetajwa humo kwa jina. Na kama itatokea umeugua kweli, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa: siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mwajiri anayekuambia "wewe una TB, nenda" huku picha yako ni safi, muombe akuandikie. Wengi hunyamaza wakiombwa maandishi.

Sheria imewahi kuwasemea watu wa TB waziwazi. Mwaka 2010 wagonjwa wa Kapsabet walifungwa jela kwa kuacha dawa za TB. Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ilisema kuwafunga hivyo kulivunja Katiba. Mgonjwa ni wa kutibiwa, hakuna kosa alilofanya kwa kuugua.

Sasa twende Ghuba, maana najua ndiko macho ya wengi yaliko. Vipimo vya nchi hizo hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa, kupitia ule mfumo unaoitwa Wafid ambao zamani watu waliuita GAMCA. Kwa kifua, jambo kubwa wanalolitazama ni picha ya eksirei. Sikilizeni vizuri hapa: picha haiioni TB iliyolala. Kaa ndani ya jivu halitoi moshi. Lakini picha inaiona TB iliyoamka, na inaliona hata kovu la TB ya zamani iliyopona. Kwa miaka mingi kanuni za huko zimekuwa zikiwakataa wenye alama hizo, hata kama walishapona kabisa na hawamdhuru mtu. Wapo wanaoona kanuni hiyo ni kali kupita kiasi, nami ni mmoja wao, lakini ndiyo hali inayomkuta kijana dirishani.

Umeona sasa jambo lilivyo? Kijana aliyeambiwa leo kuwa ana TB iliyolala, akakimbia dawa kwa kuhofia safari, huenda ndiye anayeiharibu safari yake kwa mkono wake. Kaa likiwaka, litaacha kovu kwenye pafu, na kovu halifutiki kwa pesa ya wakala. Aliyemeza dawa mapema amelilinda pafu lake, na pamoja nalo amelinda pasipoti yake. Tena kuna anayefika huko, akapimwa mara ya pili, ikapatikana ameugua, akarudishwa na deni la nauli juu ya kichwa chake.

Na akija mtu akakuambia "nipe kitu kidogo, nitakutafutia picha ya mtu mwingine", mkimbie. Ni haramu, ni kosa la sheria, na wewe utapanda ndege na ugonjwa wako kifuani.

Kwa Uingereza, Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hupimwa TB ya mapafu kabla ya kusafiri. Inayozuia viza ni TB inayowaka, mpaka itibiwe. Iliyolala haizuii. Vijana wanaohamia huko kutoka nchi zetu hata huweza kupewa kipimo na dawa zake bila malipo. Marekani pia, mhamiaji mwenye TB iliyolala hanyimwi safari kwa sababu hiyo peke yake, na hospitali za huko huwaajiri wauguzi wenye jibu hili baada ya picha kuonyesha kifua kizima. Kwa nchi yoyote nyingine uliza kituo chenyewe, maana kanuni hubadilika. Usiulize kibandani.

Ukiulizwa kwenye fomu, sema kweli na uiseme kwa ukamilifu: "Nilipatikana na TB iliyolala, sijawahi kuugua TB, nilimaliza dawa tarehe fulani." Maneno hayo ni tofauti kabisa na kusema "nina TB". Jifunze kuyasema.

DAWA, NA SAUMU YETU

Mwaka 2020 Wizara ya Afya ilitoa sera kuhusu TB iliyolala, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Zamani ilikuwa ni vidonge kila siku kwa miezi 6, na wengi walichoka njiani. Siku hizi kuna mpango wa mara moja kwa juma, majuma 12 tu, wa dawa mbili kwa pamoja: isoniazidi na rifapentini. Watoto wanao mpango wao wa miezi 3. Mhudumu ndiye atakayeamua upi unakufaa, kwa kutazama umri wako na dawa nyingine unazotumia.

Mtauliza, na Ramadhani je? Dawa ya mara moja kwa juma haina ugomvi na saumu. Chagua usiku mmoja, tuseme usiku wa kuamkia Ijumaa ambao hakuna anayeusahau, umeze baada ya futari ukiwa na chakula tumboni. Wa kila siku pia huweza kupangiwa saa za usiku. Mwambie mhudumu tu kwamba unafunga. Kutolewa damu kidogo kwa kipimo, na sindano ya ngozini isiyo chakula, wanazuoni wengi hawaoni kuwa inabatilisha saumu. Na aliyeugua kweli, Allah amempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kukataa ruhusa ya Mola wako kisha ukaanguka, huo si uchamungu.

Dawa hizi zina mambo yake. Mkojo waweza kugeuka rangi ya chungwa. Usishtuke, ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo, tumbo likikuuma upande wa kulia, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, simamisha na urudi kliniki mara moja, maana ini linalalamika. Dada anayetumia vidonge au sindano ya kupanga uzazi amweleze mhudumu, kwa sababu dawa hizi hupunguza nguvu yake.

TUSIIFUNGIE KABATINI

Mji wetu unaitwa Kabati. Kabati ni mahali pa kuweka nguo na vyombo. Jibu la hospitali si la kufungiwa huko. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika Kenya yetu karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa TB walikuwa hawajagunduliwa. Walikuwa wapi? Walikuwa sokoni, kwenye matatu, darasani, na kwenye safu za misikiti na viti vya makanisa. Wakikohoa, wakinunua dawa ya kikohozi dukani. Na waliozidi kwa wingi walikuwa vijana, hasa wanaume. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na kaa lililolala kabla halijawaka.

Wazazi wangu, nina neno kwenu. Mtoto akija na jibu hili, msiulize "umeipata kwa nani?" kana kwamba ameiba. Muulizeni, "dawa unaanza lini?" Usimfiche asionekane na wageni, usimtengee kikombe. Na kama nyumbani pana mtu anayetibiwa TB, wapelekeni watoto wadogo wachunguzwe hata kama wanacheza vizuri, kwa sababu kwao moto hushika haraka.

Nanyi vijana, kama mnaogopa jina litachafuka, mkumbukeni Mandela. Mwaka 1988 akiwa mfungwa Afrika Kusini aliugua TB, ile inayowaka. Akatibiwa, akapona. Mwaka 1994 akawa rais, na hakuficha kwamba aliwahi kuugua. Ikiwa aliyeugua kabisa alifika huko, wewe ambaye hata hujaugua unaogopa nini?

Basi tuondoke hapa na kazi ya kufanya. Una kikohozi cha siku nyingi? Hospitali ya Kauwi iko jirani, na ile ya rufaa ya kaunti iko Kitui mjini, nenda kesho. Umeishi na mgonjwa wa TB? Kaulize habari ya dawa za kinga. Umeshapatikana na TB iliyolala ukaikunja karatasi? Ikunjue. Una mpango wa safari? Anza na kifua kabla hujamlipa wakala hata shilingi. Majuma 12 ni machache kuliko muda ambao wengi wetu tumengoja pasipoti.

Riziki iko kwa Allah, lakini mwili huu ndio jembe tulilopewa la kuitafutia. Mwenye jembe hulitunza.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wahifadhi watoto wetu, wafungulie vijana wetu milango ya halali, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.